Binti Yangu na Peugeot ya Mwaka 1972



Tangu miezi michache wengi wenu mnanisimamisha sokoni, kwenye bomba la maji, hata mlangoni mwa kanisa, na maswali ni yale yale. Ni kweli ulikopa franga za kikundi ukanunua gari lililokufa? Ni kweli aliyelifufua ni binti yako? Na deni, limelipwa? Wanaotengeneza karatasi yetu wameniomba nijibu mara moja kwa wote. Basi naandika, na hesabu nitaziweka wazi, maana sisi wamama tunajuana: habari isiyo na hesabu hatuiamini.

Gari lenyewe

Peugeot 504 wengi wetu tunaijua. Waliokua wakati wa Zaire wanaikumbuka kama teksi, kama pikapu ya kubebea maharagwe na samaki wa Ziwa Albert, kama gari la mkubwa wa ofisi. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 ilichaguliwa kuwa gari la mwaka katika Ulaya. Tangu mwaka 1975 iliunganishwa pia Kaduna, Nigeria. Afrika ilipenda 504 kwa sababu ilivumilia mashimo na vumbi, na fundi wa chini ya mwembe aliweza kuitengeneza.

Lakini hii yetu ina tofauti. Ni ile ya milango miwili wanayoiita kupé, gari la michezo na la kifahari. Umbo lake lilichorwa na watu wa Pininfarina wa Torino, Italia, likaonyeshwa mara ya kwanza mjini Geneva mwaka 1969. Ni fupi kuliko 504 ya kawaida: kutoka pine la mbele hadi la nyuma imepunguzwa sentimita 19. Limelala chini, limenyooka, na ukilitazama kwa ubavu unaona mkono wa mtu aliyependa kazi yake. Mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally ya Kenya akiendesha 504 kupé yenye motere ya silinda 6. Yetu ina silinda 4 na lita 2, lakini ni ndugu wa yule mshindi.

Ilikaa wapi miaka yote? Ilikaa nyuma ya ukuta. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa hapa Bunia. Vita vilipokaribia mwaka 2002, na watu wenye bunduki wakawa wanachukua kila kitu chenye magurudumu, mzee yule aliingiza gari katika depo yake, akalipandisha juu ya magogo, akajenga ukuta wa matofali mbele yake na kupaka udongo. Aliyeingia aliona depo tupu. Mzee alifariki bila kulibomolea ukuta. Mjane wake alikaa na siri hiyo zaidi ya miaka 20.

Bei ya mjane

Mwaka jana mama huyo alihitaji franga za matibabu. Wanunuzi wawili wa vyuma vikuukuu walikuwa wamekwisha kuja wakataja dola 150, walipime kwa kilo, walikate, lipelekwe Uganda. Binti yangu alisikia habari hiyo kwa sababu alikuwa amekwenda kutengeneza pompi ya maji katika parseli ya jirani. Akaomba kuliona. Usiku ule alirudi nyumbani na hakula.

Hapa niwaeleze kidogo habari ya mtoto huyu. Ana miaka 20. Alisoma mekanika, darasani walikuwa wasichana wawili tu kati ya wavulana wengi, na diploma ya Serikali aliipata. Baada ya hapo alizunguka garaji za mji karibu mwaka mzima. Mahali pamoja walimwambia anaweza kuja kupikia mafundi. Pengine walimwambia alete kwanza mume, ndipo wajue nani atawajibika. Mjomba mmoja alianza kuleta habari za mchumba. Na rafiki zake wawili walikuwa wanajiandaa kwenda Mongbwalu kuuza chakula karibu na mashimo ya dhahabu. Mama yeyote wa Ituri anajua nini kinaweza kumpata msichana huko, na njia yenyewe ya kufika huko mnaijua. Begi lake lilikuwa chini ya kitanda. Nililiona wakati wa kufagia, nikanyamaza.

Kwa hiyo aliponiambia, “Mama, kuna gari, na ninaweza kulitengeneza hapa nyumbani,” nilisikia maneno mawili tu: hapa nyumbani.

Tulikwenda kwa yule mjane pamoja na Baba Watoto. Hatukutaka kutumia shida yake kupunguza bei. Alitaka dola 400, nasi tulikubali 400. Tuliandika hati ya kuuza mbele ya shefu wa kartiye na majirani wawili wa zamani, tukatafuta karatasi ya zamani ya gari, tukaanza safari ya kupata kadi ya rozi kwa jina jipya. Wamama, gari lisilo na karatasi ni kesi inayokungoja barabarani. Kabla ya kutoa hata dola moja, jueni ni la nani, na mwenye mali asaini mbele ya watu.

Franga zilitoka wapi

Baba Watoto ni mwalimu. Alikuwa na dola 250 alizoweka kwa ajili ya mabati ya jikoni. Binti alikuwa na 100 za kutengeneza pikipiki. Zilizobaki zilitoka katika sanduku la AVEC yetu.

Kwa wale ambao hawajaingia bado: AVEC ni ule mpango wa kuweka na kukopeshana ulioanzishwa Niger mwaka 1991 pamoja na shirika la CARE, na leo umeenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na wamama watatu tofauti, na hakuna kinachoingia wala kutoka ila mbele ya mkutano. Kwetu, mtu anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Akiba yangu ilikuwa dola 220, nikaomba 600. Faida ni dola 5 kwa kila 100 kila mwezi, maana yake dola 30 za kulipa kila mwezi. Muda ni miezi 3, na mkutano unaweza kuuongeza mara moja tu. Mwezi wa Desemba tunagawana, kwa hiyo hakuna deni linalovuka Krismasi.

Nilichukua mkopo mwanzo wa Juni. Zile dola 30 za kila mwezi nilizilipa kutoka meza yangu ya maharagwe na mchele, bila kungoja gari. Hilo tulikubaliana mimi na Baba Watoto tangu siku ya kwanza: faida isitegemee kitu ambacho bado hakijawaka.

Miezi mitatu ya kutu

Vijana 11 walilisukuma gari hadi parseli yetu. Binti aliliweka chini ya kibanda cha maturubai, akachukua daftari la shule na kuandika kila kilichoharibika. Kurasa 14. Hakugusa fungulo hata moja kabla ya kumaliza kuandika. Kila kipande alichofungua alikiweka katika kopo au mfuko wenye namba, na namba hiyo iko katika daftari. Ndugu zake wadogo walikatazwa hata kusogeza kopo.

Motere ilikuwa imeshikana. Hakulazimisha. Alitoa buji nne, akamimina ndani ya kila silinda mchanganyiko wa mazutu na mafuta mepesi, akaacha siku 8. Kila jioni alikwenda na fungulo kubwa akijaribu kuizungusha kwa mkono, pole pole, mbele kidogo, nyuma kidogo. Siku ya tisa ikasogea upana wa kidole. Siku ya kumi ikazunguka yote. Mimi nilikuwa nasonga bugali, nikasikia kelele, nikafikiri mtu ameumia; kumbe ni furaha.

Baadaye alifungua kichwa cha motere. Kwenye 504 kichwa hicho ni aluminiyumu, na gari likichemka sana kinapinda. Maji na mafuta yanakutana, na hapo motere inakufa. Chetu kilikuwa kimepinda kidogo. Tulikituma Kampala pamoja na mfanyabiashara tunayemwamini. Kikalainishwa, na akarudi na piesi kutoka soko la Kisekka: ringi, joini, mipira ya freni, disiki ya ambrayaji. Baraka ya 504 ni kwamba motere ya pikapu na ya kupé ni za ukoo mmoja. Nyingi ya piesi za pikapu zinaingia. Taabu ni mwili wake, maana mabati na vioo vya kupé havifanani na vya 504 nyingine. Kioo kimoja kidogo cha nyuma kilikuwa kimepasuka. Alikata plastiki ngumu inayopenyeza mwanga, akaipasha moto hadi ikapinda kufuata umbo.

Gari hili lilitoka kiwandani na pompi ya kupuliza esansi ndani ya motere. Ni kazi nzuri ya Wajerumani, lakini ikishakaa kavu miaka 20 haitengenezwi na mtu wa hivi hivi. Binti alinunua karbiratere na mabomba yake kutoka pikapu iliyokufa, dola 45, akaweka hiyo. Pompi ya zamani aliisafisha, akaifunga katika nailoni na kuiweka sandukuni. “Iko siku,” anasema.

Kutu ilikuwa imekula sakafu na chini ya milango. Hapo palihitajika kusudura, nasi tulimlipa fundi wa sudure, mzee mtaratibu, aje usiku umeme unapokuwa na nguvu, au tukodi grupu. Alikata palipooza hadi akafika kwenye chuma kizima, akaweka bati jipya. Alimfundisha binti kauli moja ambayo sasa inasemwa nyumbani kwetu kwa mambo mengi: masitiki inafunika shimo, haizibi. Mkiona gari limepakwa rangi nzuri juu ya kutu, hilo ni jeraha lililofungwa bila kuoshwa.

Watoto, esansi na asidi

Nataka mama mwenye watoto wadogo asome sehemu hii mara mbili. Kazi ya namna hii katika parseli si mchezo, nasi tuliweka sheria kabla ya kuanza.

Kwanza, hakuna anayeingia chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake. Kriki inainua tu. Kinachoshika ni magogo mazito au vyuma vya kusimamishia, na hata hivyo tuliweka pine lililotolewa chini ya ubavu, ili gari likianguka lisifike chini.

Pili, esansi haikai ndani ya chupa ya maji wala ya soda. Tunazinunua hivyo kwa kadafi wa barabarani, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Mtoto akinywa esansi au mafuta ya taa, msimlazimishe kutapika, maana inaweza kuingia kwenye mapafu, mkimbizeni hospitali. Sisi tulikuwa na bidoni moja nyekundu yenye kifuniko, imefungiwa, mbali na jiko la makala.

Tatu, tanki la esansi halisudurwi hivi hivi hata likionekana tupu. Mvuke unaobaki ndani unalipuka. La kwetu lilioshwa kwa maji ya moto na sabuni, tukatia kokoto na kulitikisa hadi kutu ikatoka, tukalisuuza mara nyingi. Hatukulipeleka kwenye moto.

Nne, vumbi la freni za zamani lisipulizwe. Freni za miaka ile nyingi zilikuwa na amianti, na amianti inaharibu mapafu pole pole kwa miaka mingi. Binti aliyalowanisha kwa maji ya sabuni, akafuta kwa kitambaa, akazika kitambaa. Na rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, ile madini. Kwa hiyo aliisugua kwa maji, si kavu, na mtoto wangu wa mwisho, anayeokota kila kitu na kuweka mdomoni, alikaa kwa mama mkwe juma zima lile.

Tano, hakuna kutazama moto wa sudure kwa macho matupu, hata mara moja. Na batri inayochajiwa inatoa hewa inayowaka. Haiwekwi ndani ya chumba wanamolala watu.

Mkutano wa mwisho wa Agosti

Miezi 3 ilipokwisha, gari lilikuwa na sakafu, lilikuwa na freni, lakini halikuwa na sauti. Nilisimama mkutanoni kuomba muda uongezwe. Haikuwa rahisi. Septemba shule zinafunguliwa, na kila mama alikuwa anawaza minerval. Mama mmoja, ambaye namheshimu, alisema mbele ya wote: “Gari halizai na halipaliliwi. Litatulipa kwa nini?”

Swali lilikuwa la haki. Zile dola 600 hazikuwa zangu. Ndani yake mlikuwa kodi ya nyumba ya mtu, dawa ya mtu, sare ya mtoto wa mtu. Niliomba binti yangu aingie. Aliingia na daftari lake, mikono bado na mafuta meusi kwenye kucha. Hakuomba huruma. Alisoma: kilichotumika, kilichobaki, kazi gani na siku ngapi. Kisha akasoma majina ya familia mbili zilizokuwa zimekwisha kuahidi kukodi gari kwa harusi zao mwezi wa Oktoba likiwa tayari, dola 50 kwa siku, ndani ya mji tu. Akasema pia kwamba vijana wa pikipiki, kwa kumwona akifanya kazi kibandani, walianza kumletea pikipiki zao, na kwamba amekwisha kupata dola 125 kwa njia hiyo, na zote ziko ndani ya gari.

Wamama walipiga kura. Muda uliongezwa hadi wiki ya kwanza ya Desemba, bila nyongeza nyingine. Na yule mama aliyeuliza ndiye aliyesema, “Mwacheni mtoto amalize.”

Siku tisa

Wiki ya tatu ya Septemba kila kitu kilikuwa mahali pake. Batri mpya, esansi safi. Fundi wa magari aliyekuja kutusaidia siku hiyo, mtu wa Toyota kwa miaka mingi, alipanga nyaya za buji. Binti akageuza ufunguo. Motere ilizunguka, ikakohoa, ikatema moto kupitia karbiratere, ikanyamaza. Tena. Tena. Hadi batri ikachoka.

Iliendelea hivyo siku tisa. Waliangalia esansi: inafika. Waliangalia cheche: ipo. Siku ya sita mnunuzi wa vyuma alipita tena, safari hii mlangoni kwetu, akataja dola 200. Jioni hiyo tulikaa kikao cha familia. Shemeji yangu alisema tuuze, tupunguze hasara. Baba Watoto alihesabu kwa sauti ndogo. Binti alikaa kimya akitazama chini, nami nilikuwa nafikiria lile begi chini ya kitanda. Mwishoni Baba Watoto alisema: tutampa hadi siku ya Mungu ijayo.

Binti alikwenda kwa dereva mmoja mzee, mstaafu, aliyeendesha 504 ya wamisioni miaka mingi. Mzee alikuwa ametunza kitabu cha mafundi cha Kifaransa, Revue Technique, kimeliwa na mende pembeni. Binti alikaa nacho usiku mzima kwa taa ya simu. Alfajiri aliniamsha. “Mama, Peugeot wanahesabu silinda kutoka nyuma!”

Niwaeleze kama alivyonieleza. Toyota wanahesabu silinda ya kwanza kuanzia mbele, upande wa radiateri. Wafaransa wa Peugeot walihesabu kuanzia nyuma, upande wa bwati ya vitesi. Ukianzia upande usio wake, cheche inafika kwa kila silinda, lakini wakati mbaya, pale moshi unapotoka badala ya pale esansi inapobanwa. Ndiyo maana motere ilitema moto tu. Ili awe na hakika, aliweka kidole gumba kwenye tundu la buji ya nyuma, ndugu yake akazungusha motere kwa mkono. Hewa iliposukuma kidole, alijua hapo ndipo pa kuanzia. Akahamisha nyaya nne. Akageuza ufunguo.

Iliwaka mara ya pili. Moshi mweupe ulijaa parseli, mama mkwe akakimbia na kuku wake, na majirani walikuja kuuliza kama kuna moto. Fundi wa Toyota alipofika alicheka, akampa binti mkono kama anavyompa fundi mwenzake. Mjomba wa uchumba hajazungumza tena.

Mimi nilijifunza hili: minerval tuliyolipa kwa taabu miaka yote, na Kifaransa kile alichokuwa analalamikia, vilikuja kulipwa alfajiri moja.

Si jambo geni kwa mwanamke

Watu wakisema motere ni kitu cha wanaume, tuwakumbushe historia. Aliyekuwa wa kwanza kufanya safari ndefu kwa gari la motere alikuwa mama. Mwezi wa Agosti 1888 Bertha Benz wa Ujerumani alichukua gari ambalo mumewe Karl alikuwa amelitengeneza, akaondoka na wavulana wake wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, karibu kilometa 100, kumwona mama yake. Njiani bomba la esansi liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya ulipopoteza ngozi yake, aliufunika kwa kamba ya soksi. Esansi aliinunua kwenye duka la dawa.

Katika Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kuwashinda wanaume wengi, Pat Moss wa Uingereza alimaliza wa tatu mwaka 1962, na Michèle Mouton wa Ufaransa pamoja na Fabrizia Pons wa Italia wakamaliza wa tatu mwaka 1983. Na kuhusu magari ya zamani: mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya, alishinda mashindano hayo kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine.

Hesabu

Sasa franga. Kununua gari 400. Karatasi 60. Piesi kutoka Kampala 210, kulainisha kichwa cha motere 30, karbiratere 45. Mabati na sudure 55. Rangi, antiroya na karatasi za msasa 70. Pine nne zilizotumika 100. Batri 65. Mafuta na vitu vidogo 40. Jumla dola 1,075. Tulikuwa na 950. Zile 125 ni za pikipiki.

Harusi ya kwanza ilikuwa siku ya posho ya pili ya Oktoba. Gari letu lina usukani upande wa kushoto, kama lilivyotengenezwa kwa nchi zinazopita kuume kama yetu. Bibi harusi anakaa mbele kuume na kushuka moja kwa moja pembeni mwa barabara, wala si katikati ya pikipiki. Kutoka Oktoba hadi wiki ya kwanza ya Desemba lilibeba maharusi 10, wengine siku ya posho, wengine siku ya nne kwa ndoa ya Serikali. Tukitoa esansi na kuosha, kila harusi iliacha dola 40: jumla 400. Binti aliongeza 110 za pikipiki, Baba Watoto 90. Dola 600 ziliwekwa mezani mbele ya funguo tatu, pamoja na faida ya mwisho ya 30. Faida yote tuliyolipa kwa miezi 6 ni dola 180, na hiyo tuligawana sote mwezi wa Desemba. Mabati ya jikoni bado. Yamepangwa kwa mwaka huu.

Sisemi kila mama anunue gari bovu. Magari mengi ya zamani ni shimo la kumeza franga, na sisi tulikuwa na mtoto aliyesomea kazi hiyo. Ninachosema ni hiki: mtoto akikuletea jambo, mwombe daftari. Akiandika kinachohitajika, bei yake na siku zake, msikilize, hata kama ni msichana na jambo lenyewe lina mafuta meusi. Lipa faida kwa biashara unayoijua. Na usimwonee mjane kwenye bei.

Lile begi sasa lina fungulo ndani yake, kuanzia namba 8 hadi 22. Rafiki mmoja aliyekwenda Mongbwalu amerudi, na anajifunza kufungua karbiratere kibandani kwetu kila siku ya tatu baada ya saa nane. Nafasi mbili zipo bado kwa wasichana wengine. Hatulipishi, waje na daftari, kalamu na nguo za kuchafua.